Sura ya Sita: Ubavu wa Gari la Mashindano

Katika pande zote za gari hapana upande uliopewa fungu dogo la kinga kama ubavu. Mbele kuna injini, na mbele ya injini kuna nafasi na mabati mepesi ambayo hujikunja gari linapogonga, yakiupunguza mwendo hatua kwa hatua kabla kishindo hakijamfikia mtu. Nyuma kuna ekseli, tangi na buti. Lakini ubavuni, baina ya bega la dereva na ulimwengu ulio nje, nafasi haizidi shubiri moja, na katika magari madogo ya mashindano hata shubiri haitimii. Hesabu yake ni rahisi, wala haimhurumii mtu. Mwili uliokuwa ukienda kilomita 50 kwa saa, ukisimamishwa katika masafa ya sentimita 60, hupata mkazo ambao kwa wastani ni mara 16 ya uzito wake wenyewe. Mwili uo huo, katika mwendo ule ule, ukisimamishwa katika sentimita 15, mkazo hupanda ukafika mara 65. Mtu aliyekaza mikanda yake vema yamkini ataondoka katika mkasa wa kwanza na michubuko. Katika mkasa wa pili mbavu, nyonga na shingo vimo katika hatari kubwa.

Sura hii inahusu mabomba machache ya chuma ambayo mjenzi wa gari la kujiundia huyachomelea ubavuni ili kuikomboa shubiri ile. Ni kazi ndogo kwa vipimo vyake, maana haina mita nyingi za chuma wala haichukui siku nyingi. Lakini kwa dhima yake nadhani hapana kazi iliyo kubwa kuliko hiyo katika gari zima, kwa sababu makosa mengine yote humgharimu mwenye gari fedha au ushindi, na kosa hili humgharimu uhai. Nia yangu ni kumwonyesha msomaji kwamba nguvu ya kinga hii haimo katika chuma kinachoonekana, bali imo katika ncha zake, mahali ambapo chuma kimeungwa na chuma kingine, ambapo jicho la mpitaji halifiki.

Chimbuko la magari tunayoyanena ni Uingereza. Mwaka 1957 mhandisi Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alitoa gari dogo aliloliita Lotus Seven, lisilo na milango wala paa la chuma, lenye fremu ya mabomba membamba iliyofunikwa mabati ya aluminiamu, na uzito wake haukufika nusu ya uzito wa magari mengi ya siku zile. Imani ya Chapman ilikuwa kwamba wepesi ni bora kuliko nguvu, kwa kuwa gari jepesi huondoka upesi, hukata kona upesi na husimama upesi bila ya kuhitaji injini kubwa. Wengi waliolinunua walilipokea likiwa vipande ndani ya masanduku, wakaliunda wenyewe nyumbani, kwa sababu kodi ya ununuzi ya wakati huo ilitozwa juu ya gari lililokamilika na si juu ya vipuri. Mwaka 1973 haki za kuliunda zilihamia kwa Caterham, na kampuni hiyo imeendelea kulitoa kwa umbo lile lile. Kisha mwaka 1996 Ron Champion, aliyekuwa akifundisha kazi za ufundi katika shule ya Oundle, Northamptonshire, alichapisha kwa Haynes kitabu kilichomwonyesha mtu wa kawaida namna ya kujiundia gari la namna hiyo kwa gharama ndogo ya paundi 250, kwa kutumia viungo vya Ford Escort iliyochakaa na mabomba ya mraba ya milimita 25 yanayopatikana katika duka lolote la vyuma. Magari hayo yakaitwa Locost, na chama cha 750 Motor Club, kilichoasisiwa mwaka 1939 kwa ajili ya wapenzi wa Austin Seven, kikayawekea mashindano yake, yakishindana kwa injini za Ford za sentimita za ujazo 1,300.

Hapo ndipo jambo jema lilipozaa swali zito. Mtu ambaye hangeweza kamwe kununua gari la mashindano sasa aliweza kulijenga katika banda nyuma ya nyumba yake, kwa msumeno wa chuma, mashine ya kuchomelea na subira. Lakini gari lenyewe lilimkalisha chini, karibu na lami, kiwiko chake kikiwa sawa na kitovu cha gurudumu la jirani yake, na ubavuni mwake hamna ila mabomba membamba na bati la aluminiamu ambalo fundi hulikata kwa mkasi. Ukuta wa bomba lile la mraba una unene wa milimita 1.6 tu. Bomba hilo latosha kabisa kushika injini, kubeba dereva na kuyaweka magurudumu mahali pake. Kazi hizo ndizo lililochaguliwa kuzifanya. Kuzuia pua ya gari jingine inayokuja kwa ubavu si kazi yake, na mjenzi asilikalifishe jambo lisiloliweza.

Viwanda vikubwa navyo vilichelewa kuuona ubavu. Huko Marekani sheria ya kutaka milango ya magari madogo iwe na nguvu ya kuhimili kugandamizwa kwa pembeni ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1973, na ndipo vyuma vya mlalo vikaenea ndani ya milango. Volvo ya Uswidi ilitangaza mpango wake kamili wa kinga ya ubavuni mwaka 1991, mpango uliokusudia kuutawanya mgongano kwenye sakafu, nguzo na paa badala ya kuuachia mlango peke yake. Hata Formula 1, yenye mali na wataalamu wasiohesabika, ilingoja mpaka msiba ulipobisha hodi: mwezi wa Mei 1994, katika mazoezi ya Monaco, gari la Karl Wendlinger liliparamia kizuizi kwa ubavu, na dereva huyo akalala majuma bila ya fahamu; kuanzia mwaka 1996 kingo za chumba cha dereva ziliinuliwa na kutiwa mito kuzunguka kichwa. Kila hatua ya maendeleo hayo ilikuja baada ya mtu kuumia. Mjenzi wa gari la kujiundia hana kiwanda kinachoweza kuvunja magari kumi ili la kumi na moja liwe salama. Yeye mwenyewe ndiye mhandisi, ndiye fundi, na mara nyingi ndiye dereva. Basi hana budi kuazima elimu iliyokwisha kulipiwa na wengine.

Na elimu hiyo huanzia katika kuchagua chuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, hudai mabomba ya chuma cha kaboni yasiyo na mshono, yaliyovutwa yakiwa baridi, yenye nguvu ya mvuto isiyopungua nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Tao kuu lililo nyuma ya kichwa cha dereva liwe na kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa ukuta wa 2.0, na viungo vingine, vikiwamo vya ubavuni, viwe na milimita 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Pasipo mshono ndipo penye siri. Bomba la bei nafuu hufanywa kwa kukunja ukanda wa bati na kuufunga kwa umeme kwa urefu wake wote, na mshono huo, ujapokuwa mzuri, ni mahali pa kwanza pa kutiliwa shaka bomba linapopindwa au kupondwa. Aidha, bomba lazima lipindwe likiwa baridi, kwa mashine yenye kalibu ya kipenyo chake, na mviringo wa pindo usiwe mdogo kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba. Likipindwa kwa pupa hubonyea upande wa ndani, na mahali lilipobonyea ndipo litakapokunjika siku ya ajali.

Pengine msomaji atauliza kwa nini isitumike nondo nzima, iliyojaa, ambayo mkononi huhisika kuwa madhubuti zaidi. Jibu lamo katika mahali chuma kilipokaa. Kitu kinapopindwa, upande wake mmoja huvutwa na wa pili hugandamizwa, na kiini cha katikati hakifanyi kazi kubwa. Kwa hiyo chuma kilichoondolewa katikati na kupelekwa pembezoni hupata nguvu bila ya kuongeza uzito. Bomba la milimita 38 lenye ukuta wa 2.5 lina uzito wa kilo 2.2 hivi kwa kila mita. Nondo ya uzito huo huo ingekuwa na kipenyo cha milimita 19 tu, na nguvu yake ya kukataa kupindwa ingekuwa chini ya theluthi moja ya nguvu ya bomba. Ukililinganisha na bomba la mraba la fremu, hili la duara lina zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo, na zaidi ya mara tatu ya ugumu.

Hata hivyo, nguvu ya kukataa kupindwa si yote, wala siyo iliyo kuu. Tuchukue bomba hilo lenye urefu wa mita moja, tulishike ncha zote mbili, tulisukume katikati: litaanza kupindika kwa msukumo usiofika uzito wa tani moja, na gari linalokuja kwa kasi husukuma kwa nguvu nyingi zaidi ya hizo. Kama kazi ya bomba ingekomea hapo, kinga ingekuwa ndogo. Lakini bomba lililokwisha kupindika hubadilika tabia: badala ya kuwa mhimili linakuwa kamba, linanyooka na kuvutika baina ya ncha zake, na katika hali ya kuvutwa bomba lile lile huweza kustahimili karibu tani 10 kabla ya kukatika. Basi pale bomba linapoonekana limeshindwa ndipo kazi yake kubwa inapoanza, lakini kwa sharti moja, kwamba ncha zisiachie. Na kamba ina nguvu gani kuliko fundo lake? Mvuto wote huo unaziangukia lehemu mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa ni mzunguko usiozidi sana sentimita 12. Fundi aliyenunua bomba bora na kuliunga ovyo amenunua nguvu ya tani 10 na kuitupa mlangoni.

Kwa sababu hiyo mahali pa kuungia ni muhimu kama muungo wenyewe. Bomba la ubavuni huanzia kwenye tao kuu nyuma ya kiti na kwenda mbele hadi mahali ambapo fremu ina makutano, karibu na ubao wa usukani, wala halifai kuishia katikati ya bomba jembamba la mraba lisilo na msaada, maana hapo litalitoboa au kulipinda bila ya taabu. Pale ambapo haiwezekani kufika kwenye makutano, huwekwa bamba la chuma la milimita 3 lililokunjwa likakumbatia pembe ya fremu pande mbili au tatu, ili mkazo usambae juu ya eneo kubwa kabla ya kufikia ukuta ule wa milimita 1.6. Desturi njema ni kuweka mabomba mawili kila ubavu, moja usawa wa nyonga na jingine usawa wa mbavu chini ya kiwiko, yakiunganishwa na vipande vifupi vya kusimama, na kipande kimoja kikishuka hadi kwenye reli ya sakafu. Wengine huyapisha mabomba mawili kwa umbo la mkasi, na katikati yanapokutana huongeza mabamba ya pembe tatu, kwa kuwa bomba moja kati ya hayo limekatwa na uhai wake unategemea lehemu.

Mabomba hayo hufaa yabinuke kwenda nje kadiri mwili wa gari unavyoruhusu. Mbinuko huo hutoa faida mbili: huongeza nafasi baina ya chuma na mbavu, na nafasi ndiyo mali tuliyoikosa tangu mwanzo, tena hulazimisha kishindo kuligandamiza bomba kwanza kabla ya kulipindua na kulivuta, na katika safari hiyo ya kutoka nje kuja ndani sehemu ya nguvu za mgongano huliwa. Zaidi ya hayo, yawepo mabomba ya kukingama, moja nyuma ya kiti na moja chini ya ubao wa usukani, yatakayoupokea mkazo wa ubavu mmoja na kuupeleka ubavu wa pili. Gari la namna hii lina uzito wa kilo 500 au 600 tu, na lililogongwa likiwa kitu kimoja imara litasukumwa zima likateleza kando, ambayo ni salama kubwa. Lakini lililogongwa likiwa dhaifu mahali pamoja litabaki lilipo, na mahali pale ndipo patakapoingia ndani, juu ya mwili wa mtu. Wepesi alioupenda Chapman waweza kumwokoa dereva, ilimradi ubavu ushikamane na sehemu nyingine zote za fremu.

Pasahauliwe pia kwamba dereva huingia na hutoka. Kinga inayomzuia mtu kutoka ndani ya gari linalowaka moto imegeuka kuwa kifungo. Basi kabla ya kuchomelea, dereva na akae kitini akiwa amevaa kofia, glavu na mikanda, ajaribu kutoka upesi kwa pande zote mbili, huku mabomba yakiwa yameshikizwa tu. Na kila mahali ambapo kichwa, kiwiko au goti laweza kufika pavishwe sifongo ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwani sifongo laini ya kuvikia mabomba ya maji hubonyea papo hapo na kumwachia mtu chuma kitupu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Ncha ya bomba la duara inayokutana na bomba jingine la duara haikatwi wima. Hukatwa kwa mviringo, ikawa kama mdomo wa samaki, ikalikumbatia bomba la pili pande zote bila ya kuacha mwanya. Kuna misumeno ya duara inayofanya hivyo kwa dakika moja, lakini msumeno wa mkono na tupa ya mviringo hufanya kazi ile ile kwa mtu asiye na haraka. Mwanya unaopitisha unene wa ukucha ni dalili kwamba bomba hilo limekatwa vibaya, na dawa yake ni kukata jingine, si kujaza pengo kwa lehemu. Lehemu iliyojaza pengo hunywea sana inapopoa, na kunywea huko huvuta fremu ikaenda mshazari na kuacha nyufa zisizoonekana.

Kisha ni usafi. Rangi, kutu, mafuta na ule weusi wa kiwandani viondolewe kwa msasa mpaka chuma king'ae sentimita mbili tatu kila upande wa muungo, nje na ndani ya ncha. Lakini hapa nina onyo ambalo naomba lisipitwe: yasitumike majimaji ya kusafishia breki yenye klorini, kwa sababu mabaki yake yakipatwa na joto na mwanga wa lehemu hugeuka gesi ya fosjini, ambayo ni sumu ya kuua, na mtu huweza kuivuta bila ya kujua mpaka saa kadhaa zimepita. Kadhalika chuma kilichopakwa zinki kisichomwe kabla ya zinki kuondolewa, maana moshi wake huleta homa na kutetemeka. Tangi la petroli litolewe kabisa, betri ifunguliwe nyaya zote mbili, vifaa vya elektroniki vichomolewe, na kibano cha kurudisha umeme kifungwe karibu na mahali panapochomelewa, ili mkondo usipitie kwenye beringi za magurudumu na kuziharibu. Kizimamoto kiwepo, na awepo mtu wa pili wa kukishika.

Hapo ndipo fundi aanze kushikiza. Hutia matone madogo manne kuzunguka kila muungo, moja likikabili jingine, katika mabomba yote, kabla ya kukamilisha muungo hata mmoja. Hupima mishazari ya fremu, hupima tena, na akiona imehama hukata matone na kuanza upya, kwa kuwa tone hukatwa kwa dakika na lehemu kamili hukatwa kwa jasho. Akiridhika, huchomelea kwa vipande vifupi, akihama kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka juu kwenda chini, ili joto lisirundikane upande mmoja likaikunja fremu. Wenye mashine ya elektrodi ya tangsteni huona ziwa la chuma kilichoyeyuka waziwazi na huliongoza kwa utulivu. Wenye mashine ya waya na gesi ya agoni iliyochanganywa na dioksidi kaboni hufanya upesi zaidi, lakini wana hatari moja kubwa, kwamba waya huweza kulala juu ya chuma baridi, ukatengeneza mstari mzuri wa kupendeza, bila ya kuingia ndani. Na pale ambapo ukuta wa milimita 2.5 unakutana na wa 1.6, moto uelekezwe zaidi kwenye ule mnene, ukiushukia ule mwembamba kwa kupita tu. La sivyo mwembamba utatoboka kabla mnene haujayeyuka.

Lehemu iliyolala juu na lehemu iliyoingia ndani huweza kufanana mbele ya macho, na hapa ndipo mafundi wengi wema hudanganyika. Njia ya kujua ni moja. Kabla ya kugusa gari, chukua vipande viwili vya bomba lile lile utakalolitumia, viunge kwa mashine ile ile, kwa kipimo kile kile cha umeme na mkao ule ule wa mkono. Vikipoa, vikaze katika jiliwa, vikate katikati ya muungo, usugue uso uliokatwa kwa tupa na kisha kwa msasa laini mpaka uwe kama kioo, halafu upake tindikali nyepesi. Baada ya muda mfupi lehemu hujitenga na chuma kwa rangi yake. Kama umbo lake limekula ndani ya kuta zote mbili na kufikia mzizi, kazi ni njema. Kama baina yake na ukuta mmoja pana mstari mwembamba mweusi, basi vyuma hivyo viwili vimekaribiana tu na havikuungana. Na kama ukingoni pana mfereji uliolimwa na moto, ukuta umepunguzwa unene pale pale utakapovutwa. Kipande cha pili na kipigwe kwa nyundo mpaka kishindwe. Muungo bora huacha bomba likunjike kabla wenyewe haujaachia.

Mafundi wetu wa kuchomelea wa Gerezani jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, wanaotengeneza mageti na madirisha ya nondo tangu asubuhi hadi magharibi, wana mikono ambayo wajenzi wengi wa Ulaya wangeitamani. Lakini geti huhukumiwa kwa jicho, na mwenye nyumba hutaka lehemu isuguliwe kwa grainda mpaka isionekane, ipakwe rangi, ionekane kama chuma kimoja. Katika kinga ya ubavuni desturi hiyo ni haramu. Kusugua lehemu ni kuondoa chuma mahali kinapohitajika zaidi, na kuficha kwa mkaguzi jambo ambalo ana haki ya kuliona. Mkaguzi wa mashindano hupima kipenyo kwa nje, na katika baadhi ya vyama vya Marekani hutaka bomba litobolewe tundu dogo la milimita 5 hivi ili apime unene wa ukuta wake; lakini undani wa lehemu haupimiki kwa tundu wala kwa kipimo alichonacho mfukoni. Yeye huamini. Dereva naye, kama si yeye aliyechomelea, huamini. Ndiyo maana naiita kazi hii amana, kwa maana ile ile ya zamani: kitu ulichowekewa na mtu ambaye hatakuwapo kukuchunga.

Wapo wanaosema kwamba vyuma hivi huliharibu gari kwa uzito. Tuwajibu kwa hesabu. Mabomba manne ya urefu wa mita moja, pamoja na vipande vya kusimama na mabamba yake, hayapiti kilo 15. Katika gari la kilo 550 hilo si asilimia tatu, na dereva aliyepunguza chakula cha jioni kwa msimu mmoja huweza kurudisha sehemu kubwa yake. Tena uzito huo umekaa chini, karibu na katikati ya gari, mahali ambapo hauiharibu kona. Wengine husema kwamba ajali ni majaaliwa. Ni kweli kwamba siku haijulikani. Lakini aliyejua kwamba siku haijulikani ndiye mwenye wajibu zaidi wa kujiandaa, na kumtwika Mola uzembe wa fundi ni ukosefu wa adabu.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa kila mwenye nia ya kujiundia gari la mashindano ni hii. Aanze na ubavu kabla ya injini. Asome kanuni za chama anachotaka kushindana nacho kabla ya kununua hata mita moja ya bomba, atake hati ya kiwanda inayothibitisha aina ya chuma, na akate lehemu za majaribio mpaka zisimfiche kitu. Kama mkono wake haujafikia daraja hiyo, apime, akate, na kushikiza yeye mwenyewe, kisha amlipe mchomeleaji aliyehitimu kumalizia. Fedha hizo ni chache kuliko bei ya magurudumu mazuri. Na kama msimu umewadia na bomba lifaalo halijapatikana, au lehemu haijamridhisha, basi asishindane mwaka huu. Mashindano yatakuwapo mwaka ujao, na wajibu wa mjenzi ni kuhakikisha kwamba dereva naye atakuwapo.